Fundi, Usipige Window Kabla Hujaiuliza Mashine

Mwezi uliopita shemeji yangu alinipigia simu saa mbili usiku, sauti kama ya mtu aliyefiwa. Kompyuta ya steshenari yake pale Soweto, Mbeya, iliwaka asubuhi, ikaandika mstari mmoja mweupe kwenye kioo cheusi, ikagoma hapo hapo. Akaifunga CPU kwenye kitenge, akapanda bajaji hadi kwa fundi Mwanjelwa. Fundi hakulegeza hata skrubu moja. Alichungulia kioo, akasema: "Dada, window imekufa hiyo. Tunapiga mpya, elfu kumi na tano, saa kumi uje uchukue."

Shemeji akauliza, na mafaili? Akajibiwa kwamba yaliyoko desktopu yanaondoka. Humo kulikuwa na hesabu za kikoba za akina mama wenzake, nani kakopa na nani kalipa, tangu 2019. Akabeba CPU yake akarudi nayo.

Nina ugomvi wa siku nyingi na hiyo kauli ya "tupige window", yaani kufuta diski na kuweka upya Windows, mfumo unaoendesha kompyuta. Imekuwa panadol ya kila maradhi. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, Windows haihusiki kabisa mwanzoni. Inayoamka kwanza ni programu ndogo iliyo kwenye ubao wa mashine, BIOS, au UEFI kwa mashine mpya. Hiyo inakagua RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, inakagua vifaa, ndipo inatafuta diski, ghala la mafaili. Kwa mtindo wa zamani inasoma kipande cha kwanza cha diski, baiti 512 tu, ambamo kuna maelekezo ya njia. Kwa mtindo mpya inatafuta faili lake kwenye kachumba kadogo kalikotengwa diskini. Windows inaitwa mwisho kabisa. Kwa hiyo mahali mashine iliposimama ndipo penye ugonjwa, na fundi anayejua kusoma hapo ameshamaliza nusu ya kazi.

Feni inazunguka, kioo cheusi, na mlio unajirudia? Mara nyingi ni RAM. Ichomoe, sugua meno yake kwa kifutio cha penseli, irudishe. Imeandika "No bootable device"? Chomoa flashi kwanza. Usicheke, nimewahi kupanda hadi Tukuyu kwenye mvua kwa ajili ya flashi iliyosahaulika nyuma ya mashine. Diski haionekani kabisa ndani ya BIOS? Kandamiza nyaya zake, maana bajaji na barabara zetu hizi zinalegeza mengi. Ila ukisikia diski inagonga tik, tik, tik, zima. Kumpigia mgonjwa huyo window ni kumalizia kuua hata yale mafaili ambayo yangeokolewa.

Ya shemeji niliiwasha asubuhi, nikaingia BIOS, nikatazama saa. Ilisoma 2012. Basi, kesi imeisha. Kabetri ka mviringo ka volti 3, CR2032, kama kale ka rimoti ya gari, kalikuwa kamekufa. Umeme ulipokatika usiku, mashine ikasahau mipangilio yake yote na kurudi kwenye ile ya kiwandani. Mipangilio hiyo ilitaka kuwasha kwa UEFI, wakati Windows yake iliwekwa kwa mtindo wa zamani, Legacy. Diski nzima, mafaili yote yamo, ila mashine inabisha hodi mlango usio wake. Betri elfu mbili, nikarudisha Legacy, nikaweka tarehe, ikawaka.

Na hili si la Mbeya peke yake. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows duniani kote. Microsoft walikadiria ni milioni 8.5, na ndege zilibaki chini. Dawa haikuwa kufomati. Mafundi waliwasha mashine kwa hali salama, wakafuta faili moja, wakawasha tena. Waliokwama zaidi ni wale ambao diski zao zilifungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, na hawajui ufunguo wake wa tarakimu 48 uko wapi. Kama una laptopu mpya, utafute leo kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Hata pale ambapo window kweli imekufa, flashi ya GB 8 yenye Ubuntu, mfumo wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows, inawasha mashine bila kuigusa diski, unahamisha mafaili, ndipo unapiga unachotaka. Kuruka hatua hiyo ni uvivu, sitaficha neno.

Nilimpitia yule fundi nikamsimulia habari ya betri. Akacheka. "Kaka, ningemwambia betri elfu mbili, mimi ningekula nini?" Hapo akanipata. Wateja tunalipia window kwa sababu tunaiona kwenye kioo, lakini ile nusu saa ya kutafuta ugonjwa tunataka bure, sisi ambao hospitali tunalipia vipimo kabla ya dawa na hatununi. Tukiendelea hivi, wataendelea kutufutia.

Printa ya shemeji iligoma wiki iliyofuata. Akampelekea fundi yule yule, akatanguliza elfu tano mezani: "Hii ya kupima tu, kaka yangu." Jamaa alifungua skrubu zote.