Kompyuta Haikuchungulia Kete Zangu

Siku kompyuta ya mchezo wa simu iliponifunga kwenye dhumna kwa namna nitakayoieleza hapa, nilizima simu nikaitupa kwenye kochi. Niliamini kabisa kwamba inaona kete zangu. Siku mbili nzima nilikuwa namwambia kila aliyekubali kunisikiliza kuwa michezo hii ya simu ni wizi mtupu. Nilikosea, na leo naandika kuitetea. Pia nina ombi kwa wanaoitengeneza.

Kwanza tukio lenyewe. Ilikuwa dhumna ya kuokota, ambayo asiye na kete ya kucheza huokota zilizolala pembeni, wachezaji wawili: kete 7 mimi, 7 kompyuta, na 14 zimelala kifudifudi pembeni. Nilikuwa nimeshacheza kete tatu. Ncha moja ya msururu ilikuwa na tano, nyingine mbili. Mkononi sikuwa na tano wala mbili, nikaanza kuokota. Ya kwanza tatu-nne, haifai. Ya pili sita-tupu, yaani upande mmoja sita na mwingine hauna nukta, haifai. Ya tatu ikaja tano-moja, nikaibandika upande wa tano kwa furaha. Sasa ncha zikawa moja na mbili. Kompyuta haikukawia. Ikaweka moja-mbili.

Mbili huku, mbili kule.

Nikatazama kete zangu sita. Mbili hakuna hata moja. Nikaokota kete nne ndipo nikapata ya kuchezea, na kufikia hapo mkono wangu ulikuwa umejaa na mchezo umekwisha. Ilijuaje? Katika kete zote ilizokuwa nazo, ilichagua ile ile iliyonikaba koo.

Siku ya tatu nilichukua karatasi nikaandika raundi ile yote kadiri nilivyoikumbuka, na jibu likajitokeza lenyewe. Mimi ndiye niliyeiambia. Nilipookota mara ya kwanza nilitangaza kwamba kete nne nilizokuwa nazo hazina tano wala mbili. Na kwa kuwa sheria inamtaka mtu aache kuokota pindi anapopata kete inayocheza, kule kuendelea kwangu kuokota kulitangaza kwamba zile kete mbili za mwanzo nilizookota nazo hazina. Nne na mbili ni sita. Mkono wangu wote ulikuwa umeshajulikana kwa upande huo. Kati ya kete 28 za dhumna, zisizo na tano wala mbili ni 15 tu. Toa zilizokwisha kushuka mezani na zile ambazo kompyuta yenyewe inazo, zinabaki chache sana za kukisia. Haikuhitaji kuchungulia. Mchezaji yeyote makini aliyeketi mbele yangu angeniwekea moja-mbili ile ile.

Kosa langu lilikuwa zamu moja nyuma. Nilikuwa na dabo tano, kete yenye tano pande zote mbili, ndiyo tano yangu pekee, nikaishusha mapema kwa sababu dabo zinanitisha na nukta kumi si mzigo wa kubaki nao mtu akifungwa. Nilikuwa na nne-tupu ambayo ingecheza upande wa pili. Ningeicheza hiyo, ile tano ingebaki mlango wangu. Hilo sikuliona kwa sababu nilikuwa ninazitazama kete zangu tu, kama ninavyocheza miaka yote.

Kwa maoni yangu ndipo penye thamani ya kucheza na kompyuta. Inakuonyesha ni kiasi gani unaropoka bila kufungua mdomo. Pasi, yaani kuruka zamu kwa kukosa kete, ni taarifa. Kuokota ni taarifa. Hata kuacha kufunga upande uliokuwa wazi ni taarifa, maana mtu huacha kwa sababu. Wengi wetu mwenzetu akipasi tunachekelea kisha tunasahau; kompyuta hiyo ndiyo inayoiweka akiba hadi mwisho wa raundi.

Namna inavyofikiri haina uchawi. Raundi inapoanza, yenyewe inaona kete zake 7, na 21 zimefichwa. Mkono wangu unaweza kuwa mchanganyiko wowote kati ya 116,280. Programu nzuri huchukua michanganyiko mingi inayolingana na yaliyokwisha kutokea, ikaichezesha hadi mwisho mmoja baada ya mwingine, kisha ikachagua kete iliyoshinda mara nyingi zaidi. Kila ninapookota, maelfu ya michanganyiko yanakufa. Kwa hiyo huu ni mchezo wa kukisia, na hauko kama sataranji, ambako kila kitu kiko wazi ubaoni. Mwaka 1997 kompyuta ya sataranji Deep Blue ilipomshinda bingwa Garry Kasparov, hakuna kati yao aliyemficha mwenzake kipande. Dhumna iko karibu zaidi na karata: nusu ya ukweli umelala kifudifudi.

Malalamiko mengine ninayoyasikia sana ni ya mgao. "Inanipa dabo nyingi mno!" Nami nimelalamika hivyo. Nikapiga hesabu. Kete 7 zilizogawiwa kwa haki kutoka kwenye 28 zitakuwa na dabo nne au zaidi takriban mara moja katika kila migao 23. Anayecheza raundi ishirini na kitu kwa siku, basi karibu kila siku atakutana na mkono huo mbaya. Tatizo ni kwamba mkono mzuri tunausahau tukishashinda, huu mbaya tunalala nao.

Sisemi kwamba programu zote ni safi. Inawezekana kabisa mtengenezaji mvivu akaiachia kompyuta ione kete za pande zote mbili, maana ni kazi nyepesi kuliko kuifundisha kukisia. Na kwa raundi moja huwezi kujua. Kinachonisaidia mimi ni kuyatazama makosa yake. Anayeona kete zako hajutii kitu. Kila anachoshusha kinaangukia pale pale panapouma. Anayekisia kwa haki atakosea mara kwa mara: atakuachia nne akidhani huna, kumbe unazo kete tatu za namba hiyo, na raundi nzima itamgeukia. Programu ninayoicheza sasa hukosea hivyo, na ndiyo maana ninaiheshimu. Ikinishinda najua imenishinda kwa akili.

Sasa ombi langu. Raundi ikiisha, zifunueni kete zote: za kompyuta, na zile zilizobaki kifudifudi. Mtu na mtu wakimaliza dhumna, aliyebaki na kete anazigeuza mezani zihesabiwe, na hapo ndipo ubishi unapoisha. Kwa nini mashine isamehewe? Programu nyingine hutoa jumla ya nukta tu, na alama zikaongezeka. Hiyo haitoshi. Nataka kuona alibaki na nini, nirudi nyuma hatua kwa hatua, nione pale alipokisia sawa na pale alipokisia vibaya. Bila hivyo mchezaji anabaki na shaka yake, na mwenye shaka hajifunzi. Mimi nisingeandika ile raundi kwenye karatasi, hadi leo ningekuwa naita wizi.

Na hiki kiwango wanachokiita rahisi kitazamwe upya. Mara nyingi kompyuta hapo inashusha kete ovyo ovyo, na mtoto anayeanza anajifunza kushinda mpinzani asiye na maana yoyote. Ingekuwa bora mashine icheze kwa nia njema lakini isahau, kwa mfano isikumbuke pasi za zamu tatu zilizopita. Huyo angekuwa mpinzani dhaifu kama binadamu alivyo dhaifu.

Kuna kitu ambacho haiwezi kunipa, nakiri. Mtu akisita kabla ya kuweka kete, najua ana njia mbili na zote zinamuuma. Kompyuta ikikaa sekunde mbili ni pambo tu, imeshaamua zamani. Usomaji wa uso na vidole utafundishwa na watu peke yao.

Lakini kuhesabu nimejifunza kwa mashine. Kila namba ina kete saba. Nikiona kete tano za sita zimeshuka na moja ninayo, najua imebaki moja tu duniani, na nauliza iko wapi. Jana usiku tulifikia mwisho kompyuta ikiwa na kete nne. Kabla sijashusha yangu ya mwisho nilizitaja kwa sauti, peke yangu sebuleni: dabo tatu, tatu-sita, nne-sita, moja-tupu. Programu hii hufunua. Zilipogeuka, tatu zilikuwa zile zile nilizozitaja, na ya nne ilikuwa moja-nne. Nikarudi nyuma kutafuta ni pasi ipi niliyoikosa.