Kisu cha elfu kumi na tano na ndoo ya jiki

Wahudumu wa dharura hapa Dodoma wana ubishi wa siku nyingi: mkasi wa kukatia nguo unatosha, au mtu abebe na kisu cha kukunja? Na hata wanaokubali kisu, wengi watakwambia ujikusanye upate cha bei kubwa, si hiki cha elfu kumi na tano cha soko la Majengo. Naona kisu hiki kinaonewa.

Upande wa mkasi una hoja nzito. Ncha yake butu inapita chini ya jinzi bila kumchubua majeruhi, hata mikono ikitetemeka. Kisu kikichomolewa katikati ya watu wenye taharuki kinatisha. Kwa kukata nguo sibishani na mtu, mkasi ninao.

Lakini mkasi unataka nafasi ya kufungua mdomo. Karibu na Veyula tulimkuta mama aliyekaa upande kwenye bodaboda, kanga yake imeingia kwenye mnyororo ikajiviringisha hadi kumkaba kiunoni. Kitambaa kimekazwa tabaka juu ya tabaka, kimelowa grisi, kigumu kama kamba. Mkasi uling'ata ukingo ukateleza. Nikapenyeza kisu changu, ncha yake butu, makali yakitazama nje, nusu yake ina meno kama msumeno. Nilivuta mara tatu kanga ikaachia, na mama akashusha pumzi ndefu.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapa ndipo watu wanapokosea. Kifaa kilichogusa damu tunakiloweka kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10. Ukiwa na jiki ya asilimia 3.5, ni kikombe 1 cha jiki kwa vikombe 6 vya maji. Klorini hiyo inakula chuma, na hailijui jina la kampuni. Visu vingi vya bei ya chini ni vya chuma cha 420: kaboni kidogo, kromiamu asilimia 12 hadi 14, na sehemu kubwa ya kromiamu hiyo inabaki huru kupambana na kutu. D2, chuma cha baadhi ya visu vya gharama kinachosifiwa kwa kushika makali, ina kromiamu kama asilimia 12, ila kaboni yake ya asilimia 1.5 hivi inaifunga sehemu kubwa ya kromiamu hiyo. Kwa hiyo kwenye ndoo ya jiki kile cha gharama ndicho kitakachotangulia kuota madoa. Hata 420 inataka kusuuzwa na kukaushwa mara tu dakika zikitimia.

Ndiyo, 420 inabutuka upesi. Lakini inanoleka upesi vilevile: dakika chache za jiwe kila wiki zinatosha.

Kwenye mpini usikubali mbao wala ngozi, vinanyonya damu. Chagua chenye skrubu zinazofunguka, maana damu na vumbi letu hili jekundu vinakimbilia kwenye bawaba. Na kifunguke kwa mkono mmoja uliovaa glovu.

Wapinzani wa kisu cha bei ndogo wako sahihi kuhusu kufuli, ile sehemu inayokizuia kisijikunje kikiwa wazi: kikijikunja, kinakata vidole vyako mwenyewe, na hapo unafuu wa bei haukitetei. Kwa hiyo kijaribu palepale kabla hujalipa. Kifungue, weka vidole mbali na njia ya makali, kisha gandamiza mgongo wake kwa nguvu kwenye ukingo wa meza ya muuzaji. Kikiachia hata mara moja, kirudishe, mwombe akupe kingine ukijaribu upya.