Kalamu Zilizoombewa na Matokeo ya Januari

Kila mwaka, Jumapili moja kabla ya mtihani wa kidato cha nne unaofanyika Novemba, vijana wa usharika wetu huitwa mbele ya madhabahu wakiwa wameshika kalamu zao, na mchungaji huziombea huku wazee wa kanisa wakiwawekea mikono. Ibada hiyo ninaipenda na nisingetaka iachwe. Hata hivyo, baada ya kufundisha darasa la kipaimara kwa miaka kadhaa, nimeanza kuhofia neno tunalowapa vijana hao wanaporudi kwenye viti vyao, kwa kuwa karibu kila mara ni lile lile la Yeremia 29:11, kwamba Bwana anawawazia mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa tumaini siku zao za mwisho.

Kisha Baraza la Mitihani hutangaza matokeo. Msichana mmoja niliyemfundisha, mwimbaji wa kwaya ya vijana na mshiriki mwaminifu wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, shuleni kwake, alipata daraja la nne, la chini kabisa kwa waliofaulu. Hakuja kanisani Jumapili ile, wala iliyofuata. Nilipokwenda kwao aliniamkia, akaniketisha, kisha akaniuliza: "Mwalimu, maneno yale Mungu alikuwa anamwambia nani, kama si mimi?" Nilimsihi avumilie, nikasali naye, nikaondoka nikijua wazi kwamba sikumsaidia.

Jibu lilikuwamo katika sura ile ile, laiti tungeisoma tangu mwanzo. Maneno hayo yametoka katika barua iliyopelekwa kwa watu waliokwisha kupoteza karibu kila kitu, yaani watu wa Yuda ambao Nebukadreza aliwahamishia Babeli. Mstari wa 10 unawaambia kwamba ni lazima miaka 70 itimie kwanza, maana yake ni kwamba wengi wa watu wazima walioisikia barua ikisomwa wangezikwa ugenini. Katika sura ya 28 yumo Hanania, nabii aliyewaahidi watu kwamba ndani ya miaka 2 vyombo vya hekalu na mateka wote wangerudishwa. Ujumbe wake ulipendeza masikioni, nao ulikuwa wa uongo. Yeremia aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, na wauombee amani mji ule waliopelekwa bila hiari yao. Nasema kwa uchungu kwamba sisi walezi tumekuwa tukiwasomea watoto wetu maneno ya Yeremia kwa sauti ya Hanania.

Kutumaini kupata kitu kutoka kwa Mungu ni jambo moja, na kumtumaini Mungu mwenyewe ni jambo jingine. Kijana wa miaka 16 aliyefundishwa lile la kwanza peke yake, daraja likikosekana, huona kwamba na Mungu naye amekosekana, na mimi siwezi kumlaumu.

Zaburi ya 78 inawaagiza wazazi wasiwafiche watoto matendo ya Mungu, ili nao wamwekee Mungu tumaini lao. Lakini sisi tunaficha mengi. Baba aliyewahi kufeli, akarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, hamsimulii mwanawe habari hizo. Na kanisani wakati wa ushuhuda husimama aliyepata kazi, wala si yule anayeendelea kungoja. Ndiyo maana nilimwomba mama mmoja mjane aje kuzungumza na darasa langu. Alieleza jinsi alivyomuuguza mumewe miezi saba akiomba apone, jinsi alivyomzika, na jinsi alivyoendelea kuomba akiwa amekasirika. Hakuwatolea mafundisho yoyote. Vijana, ambao kwa kawaida huchungulia saa, walimuuliza maswali mpaka giza likaingia, na wawili walikiri kwamba hawakujua kuwa Mkristo anaruhusiwa kumuuliza Mungu "hata lini?", ingawa Zaburi ya 13 inauliza hivyo tena na tena.

Tumaini la namna hiyo halimwachi kijana akae tu. Kujenga nyumba Babeli, kwa mtoto wa daraja la nne, kwaweza kuwa kusindikizwa na mlezi wake hadi chuo cha ufundi cha VETA kuulizia nafasi, au kusaidiwa kujiandikisha ili arudie masomo. Mlezi anayemwombea kijana ampe na nauli.

Yule msichana alijifunza ushonaji, na baada ya miezi mingi alirudi kwaya. Mtihani hajaurudia, na maswali yake hayajaisha. Mwaka jana, siku ya kuombea kalamu, aliomba yeye ndiye asome neno. Alianzia mstari wa 4, akasoma taratibu mpaka wa 14, bila kuruka miaka 70.