Kuacha mikoko pekee hakutoshi
Makala niliyosoma kuhusu familia moja inayofuga kambamiti mabwawani inasema inawafuga bila kuharibu mazingira kwa sababu haijakata mkoko hata mmoja. Kwa hilo nawapongeza kwa dhati, maana mabwawa mengi duniani yalichimbwa palipokuwa na mikoko. Lakini nimefanya kazi kwenye mabwawa ya aina hii, na jambo la kwanza ambalo ningewauliza ni maji ya siku ya mavuno yanakwenda wapi. Bwawa likifunguliwa, maji ya juu hutoka yakiwa na nafuu. Ni yale ya mwisho, ya chini kabisa, yanayotoka meusi na kunuka mayai viza, yamebeba kinyesi, magamba na mabaki ya chakula ya msimu mzima. Yakimwagwa moja kwa moja kwenye mkondo, mikoko ile ile iliyoachwa ndiyo inayoyapokea, na kama kambamiti walikuwa na virusi vya madoa meupe, ugonjwa unaoua kambamiti, jirani anayevuta maji hapo chini anavipata. Linahitajika bwawa la kutuamisha, ambamo maji hukaa ili uchafu uzame kabla hayajamwagwa, nalo linakula eneo ambalo lingefugiwa, ndiyo maana wengi hulikwepa. Unga wa samaki uliomo kwenye chakula cha kambamiti, unaotokana na samaki wanaovuliwa, nao makala haikuugusa kabisa. Kuna msomaji aliyefika shambani kwao akaona maji yanavyotolewa?