Ndoo Isiyo na Sukari

Shangazi yangu ana kisukari. Mke wangu hali ngano. Mimi sina ugonjwa wowote isipokuwa kujua mambo, na ndiyo maana tulipokuwa tunakwenda harusini Mwanza kwa basi, kazi ya kufungasha chakula cha njiani nilijipa mwenyewe. Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Ukitoka stendi ya Mbezi alfajiri unafika usiku, miguu imevimba, na umeshajua habari za kifamilia za kila aliyekaa karibu nawe.

Ugumu wa hawa watu wangu wawili ni kwamba halali ya mmoja ni haramu ya mwenzake. Mke wangu ana siliaki. Utumbo wake ukikutana na gluteni, ile protini inayofanya donge la chapati livutike, kinga ya mwili wake inageuka kuushambulia utumbo wenyewe. Imo kwenye ngano, imo kwenye shayiri, na hata bagia ya kunde isiyo na chembe ya ngano, ikikaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga maandazi, inatosha kumlaza siku mbili. Shangazi yeye kliniki wamemruhusu mkate wa ngano isiyokobolewa, vipande viwili. Vipande hivyo mke wangu hata kuvisogelea hataki. Anachokula yeye ni kitumbua cha mchele. Sasa mpe Shangazi vitumbua vinne na chai, halafu umpime: kipimo kitakusomea namba ya simu.

Usiku wa kuamkia safari nilisimama jikoni kama mganga mkuu wa mkoa. Nilitafuta ndoo ya plastiki ya lita kumi yenye mfuniko, nikaanza kupanga. Mayai ya kuchemsha, trei nzima, yaani thelathini. Karanga za kukaanga. Korosho. Mbegu za maboga. Dagaa wa Kigoma waliokaangwa bila unga. Matango. Maparachichi matatu magumu kama mawe, kwa hesabu kwamba yataivia njiani. Juu kabisa nikaweka kifuko cha mbegu za mlonge nilichopewa na jirani, aliyeniapia kwamba zinashusha sukari.

"Weka hata viazi vitamu viwili vya kuchemsha," mke wangu akasema. "Shangazi anameza vidonge, lazima apate kitu cha kushika tumbo."

Nilimhutubia kuhusu wanga kwa dakika ishirini. Alilala nikiwa kwenye kongosho.

Kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo Shangazi hajanisamehe. Nilipekua mkoba wake. Ndani, chini ya kanga, nikakuta kashata sita, pipi za kifua gamba zima, na kipande cha sukari guru kilichofungwa kwenye gazeti kwa ustadi wa mtu aliyezoea magendo. Nilitaifisha vyote, kama mabenki ya mwaka 1967, ila mimi bila fidia.

Saa kumi na moja alfajiri tukawa stendi. Shangazi alimeza kidonge chake, kile kinacholikamua kongosho litoe insulini, akashushia na mayai mawili na chai isiyo na sukari. Siku zote hukimeza na bakuli la uji wa ulezi. Uji nilikuwa nimeufuta.

"Mwanangu," akaniuliza, "tunakwenda harusini au matangani?"

Tulipoipita Chalinze, mhudumu wa basi akapita na kreti, kila abiria soda moja na pakiti ya biskuti. Alipofika kwetu nikanyoosha mkono kama trafiki.

"Hawa hawatumii. Wala mimi situmii."

Angeondoka tu, yangeisha. Lakini akaniuliza kwa nini, na mimi swali la namna hiyo huwa siliachi lipite. Nikasimama. Nikawaeleza abiria kwamba soda moja ya mililita 350 inaweza kuwa na sukari ya vijiko vya chai vinane hadi tisa. Nikawaeleza kuhusu figo, macho na vidole vya miguu. Nikamalizia kwa sauti iliyofika hadi kwa dereva: "Ndugu zangu, hiyo mliyoshika ni sumu! Mnainywa huku mnacheka!"

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja mwenye baraghashia, aliyekaa upande wa pili wa njia, alikunywa soda yake taratibu mpaka tone la mwisho, macho yake yakiwa kwangu. Mhudumu akamuuliza kama angependa na zile tulizozikataa. Akazipokea zote tatu pamoja na biskuti zake, akazitia kwenye begi lake bila haraka.

Baada ya Morogoro niliona wakati wa kifungua kinywa umewadia. Nikafungua ndoo.

Naomba nieleze kisayansi kidogo. Mayai thelathini ya kuchemsha, yakifungiwa na dagaa kwa saa tano ndani ya basi lililochomwa na jua, hayabaki tena mayai na dagaa. Yanaungana kuwa kitu kimoja. Kitu hicho kilitoka ndoo ilipofunguliwa, kikatembea siti moja moja kama konda anayekagua tiketi. Madirisha yalifunguka kwa mpigo. Nyuma kabisa kijana mmoja akapaza sauti: "Konda, hebu hesabu abiria, kuna mtu ametuacha humu!"

Mke wangu peke yake ndiye aliyekuwa na amani. Alikula korosho zake na dagaa zake, akajifunika mtandio usoni, akalala. Nasema hili kwa haki: kwa upande wake, ile ndoo haikuwa na kasoro.

Dodoma wachuuzi wakazunguka madirisha na zabibu. Zabibu za Dodoma zikiwa kwenye msimu wake hazina mjadala, na Shangazi alikuwa ameshatoa noti mkononi. Nikaurudisha mkono wake ndani kwa upole, nikafunga kioo. Mchuuzi akaniangalia, akamwangalia Shangazi, akamwambia, "Pole, mama."

Kufidia zabibu, nikatoa mbegu za mlonge. Ukiuma ni chungu. Shangazi alitafuna mbili akasema anatosheka. Ili kumwonyesha mfano mimi nikatafuna kumi na mbili.

Akanywa maji. Akasita. Akaitazama chupa.

"Haya maji umeyatia nini?"

"Maji tu, Shangazi."

"Matamu."

Moyo ukanilipuka. Nikanyakua chupa, nikaonja. Kweli matamu! Matamu kama yametiwa asali! Nikasimama tena, na abiria wakaguna waliponiona nimesimama tena.

"Konda! Mnatuuzia maji yenye sukari?"

Konda akaja, akamimina kidogo mdomoni. "Maji haya, mzee." Nikamwambia ulimi wake umeharibiwa na soda. Nikamgeukia mama wa siti ya nyuma, nikamkaribisha mbegu za mlonge kwa ukarimu, halafu nikamwonjesha maji. Matamu! Sasa nina shahidi. Nikaanza kuulizia namba ya wakubwa wa basi.

Mzee wa baraghashia akasema bila hata kugeuza shingo, "Ni mlonge huo. Ukiutafuna, maji yote yanakuwa matamu." Kisha akaniuliza, "Umetafuna ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Lahaula," akasema, akaikunja miguu yake kutoka njiani.

Sikuelewa kwa nini ameikunja mpaka tulipoikaribia Manyoni. Hapo tumbo lilinipa taarifa, na halikuwa linaomba, lilikuwa linatangaza. Nikapiga kelele kwamba nataka kuchimba dawa. Vichaka vya Manyoni vina miiba, nawatahadharisha wengine. Mara ya kwanza basi liliposimama, abiria wengi walishuka nami kwa ushirikiano. Mara ya pili walibaki wakinitazama kwa madirisha. Mara ya tatu dereva hakuzima hata injini, akawa analisogeza basi polepole, nami nakimbia nyuma yake nikifunga mkanda.

Kwa hayo, Singida tukaingia tumechelewa. Tangazo la dereva likawa fupi: "Chakula dakika kumi! Mwenye malalamiko amwone mwenye ndoo."

Dakika kumi zote nilizimalizia chooni. Kabla ya kukimbilia huko nilimwachia mke wangu amri kwa kidole: "Wali asiuguse!" Nasikia Shangazi aliiangalia sahani ya wali na samaki ya mtu mwingine muda mrefu, akashusha pumzi, akala yai moja na nusu tango. Kutii kwake kungetosha kunishtua. Shangazi hajawahi kunitii tangu nizaliwe.

Tulipokuwa tunaushuka mlima Sekenke akaniita. Hakuniita kwa jina langu, aliniita kwa jina la marehemu baba yangu, mdogo wake.

"Baiskeli yangu utairudisha lini?"

"Baiskeli gani, Shangazi?"

"Phoenix! Niliyokuazima uende mnadani! Mwizi mkubwa we!"

Mimi sikushtuka. Shangazi akimtukana mtu hiyo si dalili ya ugonjwa, ni dalili kwamba ameamka. Lakini mke wangu aliondoa mtandio usoni, akaugusa mkono wa Shangazi, na sauti yake ikabadilika. "Anatetemeka. Na jasho hili ni baridi. Toa kipimo."

Tukamtoboa kidole. Kipimo kikasoma 2.8.

Nikiwa na hotuba zangu zote, hapo ndipo nilipokumbuka sehemu ambayo siku zote nilikuwa naipitia haraka. Sukari ikishuka chini ya 4 ni hatari ya papo hapo, na kile kidonge hakijali umekula au hujala, chenyewe kinakamua tu. Dawa yake ni sukari. Sukari yenyewe, ya haraka, kama gramu kumi na tano: vijiko vitatu au vinne vya chai, au nusu kikombe cha soda. Halafu unasubiri robo saa unapima tena.

Nikafungua ndoo. Mayai. Karanga. Mbegu za maboga. Tango. Nikachimba mpaka chini, nikagonga parachichi, bado gumu. Nilikuwa nimeifanya kazi yangu kwa uaminifu: ndani ya lita kumi hakukuwa na kitu hata kimoja cha kumwokoa mtu. Kashata ziko Dar, juu ya kabati, nimezificha mwenyewe.

"Konda, soda!"

"Zimekwisha tangu Dodoma."

Nikasimama mara ya tatu siku ile. Sikuwa na sauti ya kuhutubia. "Jamani, ndugu zangu, nani ana soda? Hata nusu. Hata aliyokwisha kuinywa."

Kimya. Halafu yule kijana wa nyuma: "Si ulisema sumu?"

"Nilisema," nikajibu. "Naiomba hiyo hiyo sumu."

Mzee wa baraghashia alikuwa ameshafungua begi. Alitoa chupa moja, akaifuta kwa kiganja, akainyoosha kuvuka njia. "Hii ni ya kwenu," akasema. "Asubuhi nilipewa niwatunzie."

Shangazi alikunywa nusu kikombe, mke wangu amemshika kidevu. Basi zima lilitulia, hata redio ilipunguzwa. Sijawahi kuona robo saa yenye dakika nyingi vile. Tukapima: 4.4. Mhudumu akatangaza namba ile kwa sauti, abiria wakapiga makofi kama timu yao imesawazisha.

Baada ya hapo chakula kikaanza kutiririka kutoka kila siti. Biskuti zetu tatu nazo zikarudi kutoka kwa mzee, na Shangazi akala pakiti moja, maana baada ya ile ya haraka inatakiwa kitu cha kuishikilia sukari isiporomoke tena. Mama wa siti ya nyuma akaleta kishada cha zabibu. Shangazi akala kumi, moja moja, akinitazama usoni kwa kila moja.

Akili ilipomrudia sawasawa nikamsogelea. "Shangazi, pole. Ulikuwa unaniita kwa jina la baba, unanidai baiskeli. Ni ile sukari iliposhuka."

"Sukari gani?" akasema. "Jina nilikosea. Baiskeli bado nakudai. Yeye amekufa, mrithi ni wewe."

Kuanzia Igunga uongozi wa ndoo ulibadilika. Shangazi aliishika mwenyewe, akagawa mayai kuanzia kwa dereva, na watu waliokuwa wanaziba pua asubuhi wakala kwa chumvi na pilipili mpaka nikasikia mtu anauliza kama yapo mengine. Mimi alininyima. Alisema tumbo langu bado lina mlonge.

Nyegezi tulifika karibu saa sita usiku. Ndugu walikuwa wamekuja kutupokea, wajomba, mabinamu, na bibi harusi mtarajiwa mwenyewe. Nikashuka kimya, nimeinamisha kichwa, nikitumaini kupotea kwenye msongamano kabla Shangazi hajaanza kusimulia.

Ndipo konda akatoa kichwa mlangoni, kaishika ndoo juu kwa mkono mmoja, akaita kwa sauti iliyojaza stendi nzima:

"We Bwana Sumu! Unasahau ndoo yako!"