Southwest na sanduku lililokuwa likiuza tiketi

Kuanzia Mei 28, 2025, abiria anayekata tiketi ya bei nafuu ya Southwest, shirika la ndege lililokuwa likibeba mizigo bure, hulipia mizigo kama ilivyo kwa mashirika mengine makubwa ya Marekani. Tozo ilianza na dola 35 kwa sanduku la kwanza na 45 kwa la pili. Waliolalamika wameonekana watu wa kulilia zama za Herb Kelleher, mwanasheria aliyeliasisi shirika hilo pamoja na Rollin King. Si haki. Malalamiko yao yana hesabu, tena hesabu ya Southwest yenyewe.

Septemba 2024 uongozi uliwaambia wawekezaji kwamba kutoza mizigo kungeingiza kati ya dola bilioni 1 na 1.5 kwa mwaka, lakini kungepoteza bilioni 1.8 kwa abiria kuhamia kwa washindani. Chukua makadirio mazuri kuliko yote: bado pengo ni dola milioni 300. Kwa hiyo sanduku la bure halikuwa sadaka. Lilikuwa tangazo lililomfanya abiria aende moja kwa moja Southwest bila kupekua nauli za wengine. Mwezi uliofuata Elliott, kampuni ya uwekezaji iliyokuwa imenunua hisa za karibu dola bilioni 2, ilipata viti vitano kwenye bodi. Machi 2025 tozo ikatangazwa.

Upande wa pili nao una hoja. Faida ya mwaka 2024 ilikuwa dola milioni 465 tu, katika mapato yaliyozidi bilioni 27. Kwa shirika lililopata faida miaka 47 mfululizo hadi 2019, hali hiyo ilitisha. Mkurugenzi mtendaji Bob Jordan alieleza pia kwamba tiketi zilipoanza kuuzwa kupitia Expedia, tovuti inayolinganisha nauli za mashirika mengi, ofa ya mizigo ya bure haikuvuta wateja kama zamani, maana mnunuzi wa huko hutazama nauli ya chini kwanza. Hilo lina ukweli.

Ila kuna gharama isiyotajwa sana. Mwaka 1972, likiwa limeuza moja ya ndege zake nne, shirika liliokoa ratiba yake kwa kushusha na kupakia abiria ndani ya dakika kumi, ndege ikaondoka tena. Biashara yake yote ilijengwa juu ya kasi hiyo. Ukitoza sanduku, abiria hulibeba mkononi. Makabati ya juu yanajaa, watu wanabanana kwenye ujia, na mizigo iliyokosa nafasi inarudishwa mlangoni ikapakiwe chini. Ndege iliyosimama haiingizi senti.

Mapato ya mizigo yataonekana katika ripoti za fedha. Abiria aliyeanza kupima nauli ya mshindani kama Delta kwanza haandikwi popote. Ndiyo maana wanahisa wana haki ya kuonyeshwa, tarakimu kwa tarakimu, ile bilioni 1.8 ilipungua kwa kiasi gani kati ya Septemba na Machi.