"Akaajiriwa Reli", Halafu?

Kuna karatasi moja ya A4 nimeichukia. Ndiyo iliyosomwa Tabata siku tunamuaga mzee wetu. MC aliyekodiwa na kamati akasafisha koo, akasoma: marehemu alizaliwa Tabora mwaka 1938, akapata elimu ya msingi, akaajiriwa Reli hadi alipostaafu, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Kisha tukahamia kwa watoto: nani mhasibu, nani yuko Canada, nani ana kampuni yake. Kisha wageni maalumu. Diwani peke yake alitambulishwa kwa maneno mengi kuliko yule aliyekuwa kwenye jeneza.

Najua, najua. Padri alikuwa na misa nyingine, Tabata hadi makaburi ya Kinondoni si karibu, na foleni ya Buguruni haimheshimu hata maiti. Haya, nimekubali. Ila muda wa kumpigia makofi diwani ulipatikana.

"Akaajiriwa Reli." Kufanya nini? Kukata tiketi? Kupeperusha bendera ya kijani? Marehemu angekuwa mkurugenzi, tungesomewa kila bodi aliyoikalia na kila semina aliyohudhuria Arusha. Fundi anamaliza ujana wake chini ya mabehewa, sisi tunampa maneno mawili. Tena tunampa sisi wanawe, ambao ada zetu zote zilitoka kwenye grisi ile ile.

Basi ngoja niseme mimi. Alianza kama kibarua enzi za East African Railways and Harbours, vichwa bado ni vya mvuke, vingine vimepewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Akapanda hadi kuwa fita, yaani fundi wa mitambo, akakabidhiwa breki na magurudumu. Treni ya Kigoma ikiingia Dar, abiria wakigombania mizigo mlangoni, yeye alikuwa upande wa pili na nyundo ya mpini mrefu, anapita behewa kwa behewa, anagonga kila gurudumu. Gurudumu zima linalia, na mlio unadumu. Lenye ufa linatoa sauti fupi, butu, halafu kimya. Hapo anatoa chaki, anaweka alama, na behewa hilo haliondoki hata stesheni masta apandishe sauti namna gani. Kisha anainama kwenye boksi la ekseli, pale mhimili wa magurudumu unapozungukia, analigusa kwa mgongo wa mkono, kamwe si kwa kiganja. Ngozi ya juu inasikia joto upesi, na kiganja kikiungua kesho utashika spana na nini? Sisi tulipopata homa alitupima hivyo hivyo. Mama alikuwa akimwambia, "Baba watoto, huyo ni mtoto, si behewa."

Kwenda naye Kariakoo kununua sufuria ilikuwa aibu. Aligonga zote dukani, moja moja, kichwa kainamisha, mwenye duka anafura.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Waachieni wanasiasa siasa yake. Kwa mafundi maana yake ilikuwa hii: karakana kubwa ya matengenezo mazito ilikuwa Nairobi, na mpaka ukafungwa. TRC, shirika letu wenyewe la reli, ikazaliwa ikiwa na vichwa na mabehewa ambayo hayakuwa na pa kwenda kufumuliwa sawasawa, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zilikuwa za kuokoteza. Treni lakini ziliendelea kwenda Mwanza na Kigoma. Mnadhani ziliendaje, kwa hotuba? Kipuri kilichokatika hakikutupwa. Kilichomelewa, kikabanwa kwenye jiriwa, kikapigwa tupa mpaka kikae mahali pake. Behewa bovu pembeni ya yadi lilichunwa kama ng'ombe wa sikukuu ili mengine yatembee. Baba alirudi kota za Gerezani usiku, vidole vimechubuka, hana maneno, anaomba maji ya moto na chumvi. Miaka yote hiyo, kwenye karatasi ya MC, inaitwa "hadi alipostaafu".

Na kweli fundi wa breki ana shida moja: kazi yake ikienda vizuri hakuna cha kusimulia. Treni imefika, basi. Tarehe 24 Juni 2002, kule Dodoma karibu na Msagali, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilirudi nyuma kwa kasi, haishikiki, mpaka ikaivaa treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Baba alikuwa ameshastaafu. Alikaa na redio siku nzima, na kila aliyeingia nyumbani aliulizwa swali moja tu: "Kuhusu breki wamesemaje?" Hatukuwahi kumwona vile, hata alipofiwa na mama yake. Usiku ule akatutajia mabehewa aliyoyazuia enzi zake, kwa namba, na wakubwa waliomtukana kwa kuchelewesha safari. Namba zote alikuwa nazo kichwani. Siku zetu za kuzaliwa alikuwa anamuuliza mama.

Habari za mafao sizianzi leo. Mwenye mzee wa iliyokuwa Jumuiya nyumbani kwake anajua. Wengi wamezikwa wakidai.

Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kwenda Morogoro, tulimpandisha. Wajukuu wakapiga picha za viti. Yeye alitaka kuona chini. Mhudumu, binti mwenye adabu zake, akamwambia, "Babu, huko hairuhusiwi." Akapanda amekunja uso. Njia nzima alikuwa anatafuta ule mdundo wa maungio wa reli ya zamani. Haupo, maana reli hii imechomelewa ikawa kitu kimoja. "Haisemi kitu," akalalamika. "Nitajuaje kama ni nzima?" Kufika Morogoro akakubali kwa shingo upande kwamba breki zake zina nidhamu. Kutoka kwake hiyo ni nishani.

Nami nakubali, ni treni nzuri. Ila mkianza na ule wimbo wenu wa "sasa ndiyo tumepata reli" mnanichefua. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Bibi zenu walikuja Dar kwa ungo?

Msibani aliyemtendea haki ni mmoja: mtani. Sisi Wanyamwezi, yeye Mzaramo wa Kisarawe, mzee mwenyewe wa makamo ya baba, waliishi kota moja Gerezani. Aliibuka amevaa ovaroli ya marehemu, sijui nani alimpa, na mwiko kautoa jikoni. Akaanza kugonga miguu ya viti vya wageni maalumu, kiti kwa kiti, anainama, anasikiliza, anasonga mbele. Alipofika kwa diwani akagonga kiatu. Akarudia. Akatikisa kichwa. "Hili lina ufa! Likatwe hapa hapa, Kigoma haliendi!" Kisha akamwekea mgongo wa mkono kwenye paji la uso: "Na limechemka!" Watu walicheka mpaka wakalia. Mama alicheka, kwa mara ya kwanza tangu tutoke hospitali. Vijana ambao hawakuwahi kumwona babu yao kazini wakawa wanaulizana, kumbe ndivyo alivyokuwa anafanya? Diwani, tumpe chake, alicheka pia, akatoa noti.

Mtani akagoma kuvua ovaroli mpaka na wenye msiba walipe. Kamati ikampa elfu tano na soda, na mweka hazina akaiandika kwenye daftari, chini ya "mengineyo".